Kitalu Kifupi cha Mama

Muuza vitalu nyumba aliniuliza swali moja la maana: nani atakuwa anafanya kazi humo ndani?

"Mama yangu."

"Ni mrefu?"

Nikacheka. "Zamani. Siku hizi ameinama." Nikamwonyesha usawa wa kifua changu.

Kila masika mvua ilikuwa ikimwozeshea mama nyanya zake huko Usoke, nami nilikuwa nimemwahidi kitalu nyumba, lile banda la nailoni juu ya mabomba yaliyopindwa. Pale dukani Tabora mjini yalikuwepo ya aina mbili. Refu, ambalo mtu anatembea ndani amenyooka, lilikuwa la kuagiza na kusubiri. Fupi lilikuwa limekunjwa pale pale, linaingia kwenye buti la basi. Likizo yangu ilikuwa inakwisha, na nilitaka nilisimamishe mwenyewe, majirani waone, mama anishukuru nikiwepo. Haraka haraka haina baraka, methali hiyo nimeifundisha darasani miaka yote. Nikalipia fupi.

Nilipolisimamisha juu ya matuta yake ya nyanya, mama alilizunguka akipiga vigelegele. Nikavimba kichwa.

Kesho yake nikamtazama akipalilia. Mama huinama kutoka kiunoni, na kila baada ya hatua chache hujinyoosha, mikono kiunoni, akashusha pumzi. Nimemwona akifanya hivyo tangu utotoni, na bado sikufikiri kwamba aliyeinama ndiye anayehitaji zaidi mahali pa kujinyoosha. Mle ndani kichwa chake kiligonga bomba. Basi akawa anatoka nje kila mara, eti amesahau ndoo, eti anaangalia kuku, na huko nje ndiko alikojinyoosha. Niliona, naye akajua nimeona.

"Mama, nikalirudishe?"

"Urudishe nini? Babu zenu walibeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka pwani kwa miguu, mimi nishindwe na nailoni?"

Nikaondoka na aibu yangu. Kila nikipiga simu niliulizia nyanya. Mgongo sikuuliza, maana niliogopa jibu.

Juzi nimekwenda. Sijamaliza kusema shikamoo, akaitikia marahaba huku ananivuta mkono twende nyuma ya nyumba. Nyanya zilikuwa zimezaa mpaka zinaelemea miti yake. Katikati ya matuta mawili alikuwa amechimba njia, kina cha kupita magoti, na kingo zake amezisiliba kwa udongo kama anavyosiliba jiko. Alichimba mwenyewe kwa jembe, na mgongo ule ule. Akashuka, akaweka mikono kiunoni, akajinyoosha humo humo ndani. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ungeniambia, mama. Ningekuja kuchimba."

"Una kazi zako."

Nikaangalia juu ya kichwa chake. Ilibaki nafasi kubwa kabla ya kufika kwenye bomba.

"Mbona umechimba kina kirefu hivi? Wewe ungetoshwa na nusu yake."

"Shuka."

Nikashuka nikiwa nimeinamisha kichwa, najihadhari na mabomba.

"Nyooka, mwanangu. Hukuwepo nikupime, nimekisia tu."

Nikanyooka taratibu. Utosi wangu haukugusa kitu.