Sanduku la Kuchosha Upepo

Mumewe alipofariki, sisi wa Skarvnes, huku kaskazini mwa Norwei, tulidhani Ragnfrid atauza karakana ya bati. Hakuuza. Alikuwa amemsaidia marehemu kukunja mabomba ya hewa kwa miaka ishirini, na kazi aliijua.

Mwaka huo makao ya wazee yaliezekwa paa jipya. Dhoruba ya kwanza ilipovuma kutoka baharini, dari ikavuja juu ya kitanda cha baba mkwe wake, Mzee Edvin.

"Wamenihamisha mara tatu," mzee alilalamika. "Kila asubuhi shuka zimelowa, na wauguzi wananitazama vibaya!"

Ragnfrid alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akapanda darini. Theluji laini kama unga ilikuwa imepenya kwenye matundu ya hewa, na sasa ilikuwa inayeyuka.

Tvedten, injinia wa paa hilo, akayafunika matundu hayo kwa wavu wenye vitundu vidogo sana. Dhoruba ya pili ikaugandisha, ukaziba kabisa. Hewa ikawa nzito ndani, bibi mmoja akazimia mezani, kijiko cha supu ya samaki mkononi. Wavu uling'olewa siku hiyohiyo.

"Hakuna dawa," Tvedten alisema. "Hewa ikipita, theluji nayo inapita."

"Inapita kwa sababu inakimbizwa," Ragnfrid akamjibu. "Upepo ukichoka, inaanguka yenyewe."

"Umeyasoma wapi hayo, mama?"

"Nyuma ya banda langu la kuni. Kila mwaka inajilundika palepale penye kinga. Wewe umewahi kuzoa theluji, baba, au unaichora tu?"

Tvedten aliona haya. Gudlaug, msimamizi wa makao, akasema heri wajaribu, amechoka kutega ndoo.

Ragnfrid akaunda sanduku la bati, kubwa kama kabati la nguo, la kufungwa darini penye matundu ya hewa. Hewa iliingilia chini, upande uliokingwa na ukuta, ikatulia katika nafasi ile pana, ndipo ikapanda kwenye bomba la juu. Chini aliweka kimlango cha kuzolea theluji. Bati lile lilitaka watu wawili. Siku moja lilimponyoka likamkata kiganja, akaketi sakafuni akamlilia mumewe kwa sauti. Halafu akafunga kidonda, akalibana bati kwa goti.

Mwezi wa Februari dhoruba ilivuma siku tatu. Ilipotulia, akapanda na Tvedten. Alipofungua kimlango, theluji iliwamwagikia mpaka magotini. Tvedten akapapasa ndani ya bomba la juu.

"Haijai hata kiganja," alisema taratibu. "Mama, kuna shule mbili zina shida hii hii. Utanitengenezea?"

"Nitatengeneza. Lakini kwanza shika koleo."

Wakazoa pamoja, bila haraka. Chini yao Mzee Edvin alisikika akimgombeza muuguzi kwamba kahawa imepoa.