Bunduki Iliyotoka Juu ya Shemine

Patroni alipouza ng'ombe zake na kuondoka Masisi, bwana yangu, aliyemutengenezea fromaji, jibini ya maziwa, tangu ujana, alipewa bunduki. Si franga, si hata ndama moja. Patroni aliishusha ukutani, juu ya shemine ya saloni, pale pa kuotea moto, akasema: "Papa, hii nakuachia ukumbusho." Muzee wa adabu kabisa. Naandika hapa kwamba yeye njo wa kwanza kumuua bwana yangu.

Ilikuwa nzuri, sikatai. Ilitengenezwa kufanana na bunduki za zamani za Amerika. Ubavu wake shaba, na juu ya shaba fundi alichora kwa ncha ya chuma ng'ombe wa pembe ndefu, muntu juu ya farasi, na majani yaliyozungukana, mishipa ya kila jani ikionekana. Chini iko na chuma kama pete kubwa: unaisukuma, unairudisha, inalia kla-kla. Kila siku ya yenga, tukitoka kanisani, bwana yangu aliipakaa mafuta ya ng'ombe.

Mimi ni mutoto wa muwindaji wa Walikale. Masomo niliishia mwaka wa pili, lakini bunduki naijua. Baba, mbele ya kuingia pori, alitafuna majani yake, akatemea mututu, lile bomba la bunduki, kisha akachungulia mbingu kupitia ndani. Kwa hiyo siku ya kwanza na mimi nilichungulia. Giza. Nikaingiza kijiti cha fagio, kikagota urefu wa kidole. Chuma kitupu. Kupita pale haikutobolewa hata kidogo.

Sikumuambia. Juu tangu aipate, watu walianza kumusalimia. Pale kwenye kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, wale waliomuita "mama wa maziwa" walipunguza mudomo. Siku moja tu jirani yetu, ambaye shamba yake ya maharagi ilipakana na yetu, alimuuliza:

"Sasa, mama wa maziwa, inaweza kuangusha hata kandege?"

"Leta kichwa yako tupime," bwana yangu akajibu.

Wote walicheka. Jirani hakucheka.

Njo yeye aliyeenda kusema kwamba kwetu kuna silaha. Watu wa silaha aliowaambia walikuja asubuhi, mimi niko mulangoni namenya maharagi. Walitaka risasi. Bwana yangu akasema: "Wakubwa, hii iko ya kupamba, haipigi." Hapo njo nilijua kwamba na yeye alijua. Kumbe tulifichana, kila mumoja na yake.

Nikapiga makelele: "Chungulieni ndani! Haina tundu!"

Mukubwa wao akacheka. "Mama, menya maharagi."

Wakamubeba na bunduki yake. Siku ya tatu tulimuokota kandokando ya muto.

Tangu pale naishi Kashuga, ndani ya kambi ya waliokimbia vita, peke yangu. Mvua iliyopita nilipeleka muguu wangu ku hospitali ya Kirotshe, na kitanda cha pili kutoka changu nikamukuta jirani. Mifupa mitupu, hana muntu wa kumupikia. Alinitambua mbele mimi sijamutambua.

"Mama," akasema, "ile bunduki ilikuwa ya kweli ao hapana?"

Nilielewa anachotafuta. Si musamaha. Kama ilikuwa ya kweli, basi yeye hakusema uongo. Na mimi lile jibu nililibeba miaka yote, nikingoja siku ya kumutupia usoni.

"Haikuwa na tundu," nikamuambia. "Ulimuuzisha juu ya kitu cha ukuta."

Alifunga macho. Kisha akauliza pole pole:

"Na wewe ulijua tangu lini?"

"Siku ya kwanza."

"Na ukaacha atutishe sisi wote?"

Nilikamata kitambaa changu niondoke. Lakini niende kwa nani? Kule kambini hakuna anayejua kama niliwahi kuolewa. Huyu muuaji njo muntu mumoja tu amebaki ambaye ninaweza kugombana naye juu ya bwana yangu.

Nikakaa kwenye mwisho wa kitanda chake.

"Endelea," nikasema. "Sema yote."

Lakini alikuwa amegeukia ukuta na kuvuta bulangeti mpaka ku masikio.