Niliwakataza wenzangu salamu kwenye email za kazi, na mmoja amenitii mpaka leo

Wakuu, hamjambo? Za nyumbani? Watoto wazima? Kazi zinaendaje?

Safari hii salamu naziandika kwa makusudi kabisa, na mkifika chini mtajua kwa nini sithubutu kuziruka.

Haya ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha, mengine yako vilevile, chumvi sitii. Na wale wa "fupisha mkuu", leo mnivumilie. Kufupisha ndiko kulikonifikisha hapa.

Niko Lubumbashi, Kongo. Swahili yangu ya nyumbani ni ile ya huku, ya "iko" na "bantu", ila kazini naongea na watu wa Dar kila siku, kwa hiyo nimeinyoosha kidogo. Nikiteleza msinicheke sana.

Kazi yenyewe: nasimamia vipuri kwenye kampuni moja ya malori yanayobebea migodi. Lori likifa Likasi au Kambove, mtu wa dépôt (stoo) ya pale ananiandikia, mimi natafuta kipuri, natuma. Basi. Ukiielezea hivyo inaonekana kazi ya mtu aliyetulia.

Shida ilikuwa email.

Migodi haitaki habari za simu. Kwao kitu kama hakijaandikwa, hakikutokea. Sasa huku kwetu, mtu akiogopa kulaumiwa anaweka kampuni nzima en copie (CC), na patron, yaani bosi, juu yake. Mtu wa Likasi anauliza tairi moja, watu wote tunaisoma. Halafu kila mmoja anajibu kwa wote kwamba imefika: "Bien reçu." Mwingine: "Bien reçu, merci." Mwingine anamshukuru aliyeshukuru. Tairi bado halijatafutwa.

Ongeza na courant, umeme wetu. Ikikatika, groupe (jenereta) inachelewa kuwashwa, internet inakufa. Ikirudi, email zote zinashuka kwa pamoja, simu inatetemeka juu ya meza mpaka inatembea yenyewe. Nilikuwa naichukia ile simu, jamani.

Nilikuwa nasoma email kanisani. Nilikuwa nasoma email chooni. Siku moja niko mezani kwangu, mtaa wa Ruashi, bukari (ugali) inapoa, bibi yangu (huku bibi ni mke, tulieni) akaniuliza: "Weye unakula na siye ao na telefone?"

Nilikuwa naandika "Bien reçu".

Nikaenda dispensaire, zahanati, kwa kichwa kuuma, wakanipima, tension (presha) iko juu. Daktari akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia vipuri. Akashangaa, akadhani labda mimi ni mchimbaji.

Sasa hapa naomba mnifuate vizuri, maana ndipo nilipoharibu.

Kule Kambove tuna mtunza stoo anaitwa Mama Godelive. Mimi huyu mama ndiye aliyenifundisha kazi. Nilipokuwa stagiaire, mwanafunzi wa kazi, nilipelekwa kwake, sijui hata bolti inaitwaje, akanipa chumba kwake, akanilisha, akanigombeza, akanitengeneza mtu. Mume wake, Papa Albert, alikuwa mstaafu wa mgodi, mtu wa kucheka na kukohoa. Kila jioni alikuwa ananishinda jeu de dames (drafti) pale barazani na kunisimanga mbele ya majirani. Nilipohamia Lubumbashi aliniambia siku nitakayomshinda ndiyo siku nitakayokuwa mwanaume.

Email za Mama Godelive zilikuwa hivi. Kwanza: "Mutoto yangu, jambo. Bibi na batoto beko muzuri?" Halafu mvua imeharibu mihogo. Halafu kwaya imenunua kitambaa. Halafu Papa Albert anasalimia, anasema unamuogopa ndiyo maana hauji. Halafu kifua chake, jana alikohoa, leo nafuu. Chini kabisa, kabla ya "Mungu akubariki", ndipo anakuambia anahitaji filta ngapi.

Siku moja lori limefia njiani na mzigo wa mteja mkali. Mteja anapiga, patron anapiga, mimi natafuta namba ya kipuri kwenye email ya Mama Godelive. Napita mihogo, napita kwaya, napita kifua, namba siioni. Kumbe iko palepale chini kama kawaida yake, nimeipita kwa haraka zangu.

Nikapandwa na hasira. Nikajiambia, hawa watu na salamu zao ndio wananiua.

Mchana uleule nikaandika note de service, waraka wa ofisi. Email zote za kazi: kichwa cha habari, na mistari mitatu. Unataka nini, kwa lori gani, lini. Marufuku kumweka patron en copie bila sababu. Marufuku kujibu "Bien reçu" kwa wote. Na mwisho, kwa herufi nzito: marufuku salamu na habari za binafsi.

Patron wetu ni mtu wa Butembo, mfanyabiashara wa kweli, hapendi maneno mengi. Alisoma akaweka sahihi palepale. "Kijana, hii iko muzuri sana," akaniambia. Nilitoka ofisini kwake najiona waziri.

Wakuu, siwezi kuwadanganya: ilifanya kazi.

Email zilipungua sana. Nikajiwekea utaratibu: nafungua asubuhi nikifika, nafungua baada ya kula, nafungua kabla ya kutoka, basi. Simu haitetemeki tena. Tension ikashuka. Nikawa nakula na watu wa nyumbani kwangu. Madereva wakanibatiza "Trois-Lignes", Mistari Mitatu, na mimi, kwa ujinga, jina likanifurahisha.

Mama Godelive peke yake ndiye aliyepiga simu. "Mutoto yangu, nilisoma karatasi. Hata mie?"

Nilikuwa na haraka, kama siku zote. Nikamwambia, "Hata weye, mama. Sheria iko ya bote."

Halafu akacheka na kusema, "Sawa, chef."

Chef, yaani bosi! Huyu mama hakuwahi kuniita hivyo tangu tujuane. Nikafikiri ananitania. Ningepewa dakika ile moja nirudie, wakuu, ningemwambia andika mama, andika mpaka uchoke, mimi nitasoma. Hiyo ndiyo dakika ninayoijutia kuliko zote.

Kuanzia hapo email zake zikawa za mfano. Kichwa, mistari mitatu, namba ya kipuri juu kabisa. Nilichukua moja nikawatumia dépôt zote, nikaandika: hivi ndivyo inavyoandikwa. Nilidhani namsifia.

Miezi ikaenda. Nami sikupiga simu Kambove, maana kazi inatembea, nipige kuuliza nini?

Siku moja ikaja email yake. Naikumbuka neno kwa neno:

"Objet: Absence.
Sitakuwa kazini kuanzia leo mpaka juma ijayo.
Sababu: familia.
Funguo za stoo ziko kwa musaidizi."

Nikaisoma. Nikaona safi, haina neno la kupoteza. Nikajibu neno moja, la kusema nimeona: "Noté."

Halafu nikafungua email nyingine.

Juma lililofuata niko uani kwenye parking, nahesabu betri. Dereva mmoja, Ilunga, mtu mzima, anashuka kwenye lori lake akitoka njia ya Kambove. Akanisalimia vizuri, kisha akasema taratibu, "Chef, hatukukuona ku kilio."

Nikauliza kilio (msiba) cha nani.

Akaniangalia kama mtu anayedhani namfanyia mzaha. "Ya Papa Albert. Bwana ya Mama Godelive. Tulimuzika juma yenye ilipita. Hata bantu ya Likasi balikuya."

Nilikaa juu ya betri, suruali ikaungua kwa asidi, sikuhisi.

Ilunga akaendelea, hakuwa na ubaya, alikuwa anaeleza tu. "Bantu balikuwa banauliza: ule mutoto ya Lubumbashi, mwenye alikaa hapa, eko wapi? Mama akabaambia: nilimuandikia, na alinijibu."

Wakuu, kwa wasiojua huku kwetu: kilio hakikosekani. Unaweza kukosa harusi ya mtu mkasameheana. Kilio unakwenda hata kama ni jirani mliyegombana naye, unakaa, unalala pale chini na wengine. Mimi baba yule alinilisha. Na mke wake aliponiandikia, nilimjibu "Noté".

Nilirudi mezani nikafungua email zake zote za miezi ile, moja baada ya nyingine, nikitafuta kama kuna mahali alinidokeza. Hakuna. Filta, mikanda, betri. Yule mzee alikuwa anaumwa muda wote huo, na zamani ningejua kila alipokohoa. Mimi ndiye niliyeziba hiyo njia.

Tulikwenda Kambove siku ya pili yake, mimi na bibi yangu, na mfuko wa unga na sukari nyuma ya gari. Njiani bibi yangu alisema jambo moja tu, "Ungenipa mie nisome, ningekuambia ile 'familia' iko nini." Nilijua ni kweli.

Mama Godelive alitupokea vizuri. Vizuri kupita kiasi. Akatoa viti, akaleta maji kwenye sinia, kama unavyompokea mkubwa wa kazi. Zamani nilikuwa naingia jikoni kwake bila hodi na kufunua sufuria.

Nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Akaninyanyua. "Ulifanya mubaya gani, chef? Niliandika, ulijibu. Kazi iko vile."

Nikalia. Mwanaume mzima, sioni aibu kusema.

Ndipo akaniambia hili, na ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

"Albert alikuwa anauliza kila mara minatoka ku kazi: mutoto anasema nini? Siku ya kwanza nilikosa ya kusema. Nikamuambia: anakusalimia, anasema akikuya atakushinda ku jeu de dames. Akacheka sana. Kesho yake akauliza tena. Basi nikaendelea vile."

Akanywa maji kidogo.

"Usiogope. Salamu yako ilimufikia mpaka mwisho. Mie njo nilikuwa naitunga."

Yaani yule mzee amekufa akiamini namsalimia. Mama wa watu anatoka kazini, anaandika mistari yangu mitatu, halafu njiani kuelekea nyumbani anatunga maneno yangu ili mgonjwa wake acheke. Na mimi huku Lubumbashi najisifu kwamba email zimepungua.

Niliporudi nilimwendea patron, tukaifuta ile note. Niliacha ile ya kutoweka kila mtu en copie, na ile ya "Bien reçu", na saa zangu za kufungua ninazo mpaka leo. Hizo ni nzuri, mnaweza kuzichukua. Uzito wa email zangu ulikuwa woga wa watu kulaumiwa, haukuwa habari za mihogo. Nilikata pasipouma kwangu nikaumiza mwingine.

Somo langu ni hilo. Panga email zako, zifungie mlango ukiwa mezani na watoto, sawa kabisa. Lakini kabla hujapunguza maneno ya mtu, jiulize kama kuna njia nyingine amebaki nayo ya kukufikia. Mama Godelive hakuwa nayo, na alipopiga simu kuniuliza, nilimfungia na hiyo.

Salamu zimerudi kwenye kampuni. Mtu wa Likasi ananiandikia mpaka habari za mbuzi wake, nazisoma zote, Mungu anisamehe, nyingine zinachosha kweli.

Salamu za Mama Godelive hazijarudi. Ni mistari mitatu, "chef", basi. Hajanuna, nikipiga simu anaongea kwa heshima zote, anauliza kama kuna kazi ya haraka.

Leo asubuhi nimemwandikia ndefu. Nimeuliza mihogo, nimeuliza kwaya, nimemwambia bibi yangu anamsalimia, nimemwambia namkumbuka Papa Albert kila nikiona watu wamekaa barazani na jeu de dames. Chini kabisa, kabla ya "Mungu akubariki", nikauliza zimebaki filta ngapi.

Amenijibu filta.

Wakuu, mwenye kujua anisaidie hapo chini: mtu akishamkataza mama salamu, anamwombaje azirudishe?