Boti Iliyonyimwa Maji

Nianze kwa kusema kosa ni langu. Watu wa hapa ufukweni wanamlaumu binti wa mwalimu, mke wangu anamlaumu binti, hata wavuvi wanaopita na nyavu mabegani huguna wakiniona na kusema, "Pole fundi, watoto wa siku hizi." Nawaacha waseme. Lakini aliyefungua mdomo na kusema "haina shida" ni mimi, na siku ile sikuwa nimelewa wala sikuwa na homa.

Karakana yangu iko upande huu wa Ziwa Nyasa, si mbali na Mbamba Bay. Ni banda la bati lenye nguzo sita na sakafu ya mchanga. Zamani lilikuwa la mzee mmoja Mnyasa aliyenifundisha kazi. Mimi mwenyewe nimetoka juu, Mkumbi, kwenye kahawa na mahindi, nikashuka ziwani nikiwa kijana kuja kutengeneza mabenchi ya kanisa. Mabenchi yakaisha, mimi nikabaki. Nilimkuta yule mzee ameinamia boti, nikasimama kutazama mpaka akaniuliza kama nimepotea njia. Kesho yake nilikuwa namshikia mbao. Ndugu zangu wa Mbinga walicheka mpaka wakachoka. "Mmatengo gani anaunda boti? Hata kuogelea hujui!" Na kweli sijui mpaka leo.

Boti tulizokuwa tunatengeneza zilikuwa za kukodisha. Mtu anakuwa na boti yake na mashine nyuma, mwenye safari anaikodi: kwaya inayokwenda kuimba kijiji cha pili, watu wa msiba, wachuuzi wa dagaa wetu wa usipa, mgonjwa anayepelekwa hospitali. Palikuwa na wakati boti nne zilipanga foleni mbele ya banda zikisubiri kuzibwa, na wenyewe wanagombana nani aanze. Siku hizi wapi, bwana! Barabara imefika, pikipiki ziko kila kona, na anayetaka boti ananunua ya faiba. Inashushwa kwenye lori imeshakamilika, nyepesi, haiozi, haimjui fundi. Mzee wangu, yule aliyenifundisha, alikufa. Mimi nikakaa miaka miwili bila kupiga msumari kwenye boti hata moja. Nilikuwa naunda vitanda na majeneza. Jeneza ni mbao kama boti, lakini halirudi kukwambia lilikwendaje.

Ndipo akaja binti. Marehemu baba yake alikuwa mwalimu, na alikuwa na boti kubwa ya mninga, watu ishirini wanakaa bila kubanana. Boti ile iliundwa na mzee wangu, na upande wa pili wa kila ubao ulishikwa na mimi. Mwalimu alipofariki ilibaki nyuma ya nyumba yake, kuku wanatagia ndani. Binti alikuwa amekaa Dar miaka mingi, sasa amerudi, amejenga nyumba ya wageni ufukweni.

"Shikamoo, baba," aliniambia. "Nataka boti ya mwalimu irudi majini. Wageni waikodi, wazunguke ziwa. Wamesema fundi ni wewe tu."

Jamani, nilitaka kumkumbatia pale pale. Nikajikaza, nikasema marahaba, nikamwambia nitakwenda kuiangalia, kama mtu mwenye kazi nyingi.

Nilifanya kazi ile kuanzia mvua zinakatika mpaka kiangazi kimekolea. Nilitoa mbavu sita zilizooza, nikabadilisha mbao tisa. Mninga wa kweli niliufuata hadi upande wa Songea, maana siku hizi ukizubaa unauziwa mlingoti, huu mti wa mkaratusi, umepakwa rangi. Nyufa nilizikalafati, yaani nilizijaza nyuzi za pamba zilizolowa mafuta, nikazigongea ndani kwa patasi butu, uzi kwa uzi. Mke wangu alikuwa ananiletea chakula na kukikuta kimepoa aliporudi kuchukua sahani. "Siku utakayonishika mimi kwa upole namna hiyo," alisema, "nitamwita padri ashuhudie." Nilicheka. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nasema kweli.

Sasa, boti ya mbao ni kitu kinachokunywa. Ubao ukikauka unasinyaa, ukilowa unavimba, na kule kuvimba ndiko kunakofunga nafasi kati ya mbao. Uzi wa pamba unasaidia tu. Kwa hiyo boti ikimalizika haiendi safari. Unaishusha kwenye maji mafupi, unaipakia mawe, unaiacha ijae na kukaa chini siku tatu. Anayepita anadhani umeshindwa kazi. Siku ya nne unatoa mawe, unachota maji, na kama ulifanya kazi yako, haiingii hata tone. Na kuanzia hapo isikae mbali na maji. Mzee wangu alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko jambo lolote.

Binti alipokuja na kuikuta imekaa chini ya maji alipiga ukelele. "Fundi! Imezama!" Nilimweleza. Akatikisa kichwa kukubali, nami nikaamini ameelewa. Siku ya nne tukachota maji. Nilipitisha kiganja kwenye sakafu yote, mbele mpaka nyuma, pakavu. Tukafunga mashine, tukaenda mpaka tukakiona kijiji cha Kihagara, tukageuza. Binti alilia njia nzima, anasema laiti baba yake angeona. Mimi nilishika ukingo kwa mikono miwili kwa sababu ya woga wangu wa maji, lakini moyoni nilikuwa mtu mkubwa.

Tuliporudi ndipo akaniuliza. Jumamosi palikuwa na harusi pale kwake. "Fundi, tukiipandisha mchangani wiki moja tu, maharusi wapige picha, haitaharibika?"

Jibu nililijua. Ulikuwa mwezi wa tisa, jua la kuchoma, na mwera, huu upepo wa kusini unaokausha samaki kwa siku moja, ulikuwa unavuma kila mchana. Nilipaswa kusema hapana, mwanangu, ifunge majini, watapiga picha kutoka ufukweni. Lakini bwana harusi alikuwa wa Mbinga. Nilijua nani watakuja: wale wale wajomba na majirani walionicheka. Nikawaona wakiizunguka boti yangu, wakiigusa. Mchangani ingeonekana yote, mpaka tumbo.

"Wiki moja haina shida," nikasema.

Walikuja, wakaizunguka, wakaigusa. Mjomba mmoja aligonga ubavu wa boti kwa fimbo akasema, "Kumbe kweli ulikuwa unafanya kazi huku!" Nilivimba kichwa. Nilikula pilau siku ile kama mimi ndiye bwana harusi.

Zile picha zikasambaa kwenye simu. Wiki iliyofuata ikaja harusi nyingine, halafu kipaimara, halafu mahafali ya wauguzi. Kila mmoja anakodi boti kwa saa, na boti yenyewe imekaa mchangani, imefungwa vitambaa na maua ya plastiki. Binti alikuja bandani anang'aa. "Fundi, inakodishwa kuliko nilivyotegemea!" Nikamuuliza lini inarudi majini. "Baada ya harusi ya Jumamosi," akasema. Kila nilipouliza jibu lilikuwa hilo, na Jumamosi hazikuisha.

Nikaanza kuinywesha mwenyewe. Asubuhi na jioni nachota maji ziwani kwa ndoo, namwaga ndani, ndoo ishirini, ndoo thelathini, maji yanazama mchangani. Wanawake waliokuwa wanafua walinitania kwamba mzee ameamua kulima mchicha kwenye boti. Nilijua haitoshi. Lakini niliposimama bila kufanya kitu nilikuwa nahisi kama namtazama mtu anakauka koo na mimi nimekaa na kata mkononi.

Siku moja bibi harusi akakaa nilipomwaga. Gauni likalowa nyuma, likashika matope. Kelele za mama zake zilisikika mpaka kwetu. Binti hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. "Baba," alisema, "nakuomba sana, usimwage maji tena."

"Mwanangu, inakauka."

"Naelewa, baba. Baada ya Jumamosi."

Ningepaswa kupiga kelele. Ningepaswa kulala ndani ya boti ile wanitoe kwa nguvu. Lakini kila nilipotaka kufungua mdomo, "haina shida" ilikuwa imeshatangulia. Nitamwambiaje kwamba fundi wake alimdanganya ili ndugu zake wamsifu? Mke wangu hakuwa na subira na mambo hayo. "Mwambie inakufa!" Nikamjibu nimeshamwambia. "Umemwambia kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani," akasema. Alikuwa na haki. Mimi ni mtu wa maneno makali nikiwa na mbao peke yangu, lakini mbele ya watu nanywea.

Mwezi wa kumi ukapita, wa kumi na moja ukaingia. Nyufa zilipanuka mpaka nyuzi za pamba zikaning'inia nje. Ukisimama upande wa ziwa unaona mwanga wa upande wa pili. Nikaacha kupita pale. Kwenda sokoni nilizunguka njia ya juu, mbali kweli, ili nisiione.

Asubuhi moja binti alikuja mbio. Amepata kundi la walimu kutoka Songea, wanataka kwenda siku mbili vijiji vya mwambao, kwa boti. Boti yenyewe, kwenye maji! Zimebaki siku kumi. "Sasa inarudi, fundi! Si ndicho ulichokuwa unataka?"

Nilitupa randa chini. Mungu wangu, nilikimbia kama kijana. Tulikusanya wanaume wanane tukaisukuma, na ilipohama pale ilipokuwa imekaa, nikaona kwenye mchanga, chini ya mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, mstari wa udongo mwekundu. Mchwa. Nikaufukia kwa mguu kabla mwingine hajauona, nikasema, "Haya, twende, sukumeni." Sijui nilikuwa namdanganya nani.

Tukaipakia mawe ikakaa chini. Siku tatu zilipita, sikuigusa. Nikaiongezea ya nne, nikaiongezea ya tano. Kila asubuhi nilikwenda, nikasimama maji yakinifika magotini, nikazungumza nayo kama na mgonjwa: kunywa, mama, kunywa taratibu. Siku ya sita tukatoa mawe. Tulichota watu wanne, mke wangu mmoja wao, kanga ameifunga kiunoni. Tulichota mpaka mikono ikafa ganzi. Maji hayakushuka hata kidole kimoja.

Nikazamisha mkono, nikapapasa kwenye mkuku. Nilisikia maji yakiingia, yakinisukuma vidole. Nikachukua patasi nikaibonyeza pale, bila nyundo, kwa nguvu ya kiganja tu, ikaingia yote mpaka mpini, laini, kama kisu kwenye muhogo uliochemshwa.

Nilikaa chini pale pale ndani ya maji. Nililia mbele ya watu, sikuona haya.

"Tuiongezee siku?" binti aliuliza.

"Hata mwaka hautasaidia."

"Na mkuku, hauwezi kubadilishwa?"

"Kubadilisha mkuku ni kuunda boti nyingine, mwanangu. Mninga wa urefu ule haupo tena. Na mimi nimeshazeeka."

"Kwa hiyo imekufa."

"Imekufa. Mimi ndiye niliyekwambia haina shida. Nilijua, nikakwambia."

Alinitazama. Nadhani hakusikia hayo ya mwisho, au aliona ni maneno ya mzee mwenye uchungu, maana alianza kumlilia baba yake. Walimu wakatafutiwa boti ya faiba ya jirani, wakaenda, wakarudi salama, walisema safari ilikuwa nzuri. Ile yetu ikavutwa kwa kamba ikarudishwa mchangani, mahali pale pale.

Siku mbili baadaye binti alikuja bandani. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele. Mimi nilikuwa napiga randa ubao wa jeneza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Alichezea funguo zake. "Hata sijui niseme vipi. Jumamosi kuna harusi. Ule upande unaoonekana kwenye picha, unaweza kuziba nyufa kwa puti, upake na rangi? Upande mmoja tu, fundi. Ule mwingine hauna haja."

Mke wangu akaacha kuchambua. Alinikazia macho, na nilijua anasubiri nini: kwamba safari hii, angalau safari hii moja, nitasema hapana. Neno lenyewe lilikuwepo, fupi, limeshafika kwenye ulimi. Nikautazama ule ubao wa jeneza chini ya randa yangu. Nikafikiria kuamka kesho na keshokutwa bila boti yoyote mbele yangu, hata iliyokufa.

Nikamuuliza anataka rangi gani.