Njia ya Pili ya Mtani Wangu

Mtani wangu wa mtaa wa Kambarage amefariki, wasomaji wangu, na tumemzika kwa vicheko. Msinishangae. Yeye alikuwa Mzaramo, mimi Msukuma, na mtani asiyefanya utani msibani amemtupa maiti wake. Kwa hiyo jeneza lilipotoka mlangoni nililala chini mbele yake, na kitambi changu hiki nilichokitolea jasho mwenyewe, nikapaza sauti: "Haondoki mtu hapa! Huyu Mzaramo akiri kwanza kwamba lile wazo la njia mbili lilikuwa langu!" Mjane wake akacheka huku anafuta machozi. "Mpishe, shemeji. Alipokuwa hai hukumweza, leo ndiyo utamweza?" Waombolezaji wakaninyanyua kwa taabu, marehemu akapita.

Marehemu alikuwa na chumba cha seva, yaani zile kompyuta zisizozimwa, ambamo hukaa tovuti zetu sisi wafanyabiashara wa Shinyanga na Geita. Chumba kina ubaridi, kina mabetri makubwa, jenereta iko uani, na yeye na mkewe walikilea kama watu wanavyomlea ng'ombe wa kwanza. Mimi, kama mnavyojua, niliishia darasa la nne nikaingia machimboni na sururu. Leo nina maduka ya vipuri vya pampu na vya karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, huko Shinyanga, Masumbwe na Rwamgasa, na wenye digrii wanakuja kuniomba kazi. Tena katika wenzangu mimi ndiye niliyetangulia kuwa na tovuti. Mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, pampu ikimfia na maji yanapanda, anafungua simu, anaona kipuri kiko duka lipi, anawasha pikipiki. Tovuti isipofunguka anakwenda kwa mwingine, na hana kosa, maji hayamsubiri.

Siku moja marehemu akaja dukani kwangu, akanisalimia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mtani! Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo, wanauliza utaacha lini kula nazi."

Alipomaliza kucheka akanieleza kilichomkosesha raha. Mawasiliano yote ya chumba chake yalipita kwenye waya mmoja wa mkongo wa intaneti unaokwenda Mwanza. Ukikatika huo, sisi sote tumezimika. Nikamwambia: sisi wachimbaji hatumwamini mtu mwenye shimo la mdomo mmoja. Unachimba na la pili pembeni, mnayakutanisha chini kwa chini, la kwanza likititia mnatokea la pili. Mimi mwenyewe niliwahi kutokea hivyo kule Rwamgasa, kinywa kimejaa udongo na bado natukana. Akaaga. Haikupita muda akavuta mkongo wa pili unaopitia Tabora, akafunga na mtambo unaogeuza wenyewe safari ya mawasiliano njia moja inapokufa. Mafundi walipotaka kuulaza waya mpya kwenye mtaro ule ule wa zamani ili wawahi kumaliza, aliteremka mtaroni na kanzu yake ya Ijumaa, akakaa. "Mtaro mmoja ni mdomo mmoja! Fukieni na mimi!" Maneno yangu hayo, neno kwa neno! Lakini ukimuuliza alijibu: "Msukuma alinipa shimo tu, njia nimeitoboa mwenyewe."

Sisi watu wa dhahabu tunapenda kitu kinachong'aa na kinachopiga kelele. Karasha likinguruma tunajua kuna kazi. Mkongo uko ardhini, haungurumi wala haung'ai. Ndiyo maana baada ya khitma, wafanyabiashara tulipokutana kwa mjane kupanga mambo ya mbele, mnunuzi mmoja wa dhahabu alisema bila haya: "Hii njia ya Tabora tunailipia bure. Sijaona faida yake hata siku moja. Tuikate." Wengi wakaitikia. Mimi nilijua ikikatwa, siku ya balaa tovuti zetu zitakufa pamoja, na maduka yangu nayo. Nikainuka nibishe, na kubisha ninajua. Mjane akaniwahi.

"Samahani, kaka yangu," akamwambia yule mnunuzi, "tovuti yako leo imefunguka?"

"Imefunguka, mama. Na wateja nimepata."

"Basi mkongo wa Mwanza umekatwa na greda la barabara tangu jana asubuhi. Mafundi bado wako porini wanauunga."

Mnunuzi akaitazama simu yake kama imemuuma. Kisha akacheka, tukacheka wote, na habari ya kukata ikafa palepale. Mimi nikakaa.

Basi nanyi lichukueni hili. Watu wakianza kuuliza kazi yako ina faida gani, huenda ni kwa sababu unaifanya vizuri mno. Usiwanunie. Endelea kuwalinda. Mzaramo yule alitulinda siku nzima bila sisi kujua, na yumo kaburini.