Mikorosho ya Mjomba na Kifaransa Changu

Naikumbuka, mwanangu, siku niliyorudi Mpapura na daftari la Kifaransa, mwalimu mpya mwenye kiburi cha kutosha darasa zima. Ulikuwa msimu wa kufyeka chini ya mikorosho. Shamba aliloturithisha mjomba, mimi na dada yangu Somoe tulilifyeka pamoja, na hakuna aliyewahi kuuliza mti huu wa nani.

Siku hiyo nilikaa kivulini nikimfundisha. Nikamweleza kwamba Kilatini kilikuwa na neno meus, yaani -angu, likawazalia Wafaransa mon, ma na mes: mon kwa kitu wanachokihesabu cha kiume, ma kwa cha kike, mes vikiwa vingi. Somoe akacheka, panga mkononi.

"Mbona kama kwetu tu, kaka? Shamba langu, nyumba yangu. Neno linafuata kitu, halimfuati mwenyewe."

Aliishia darasa la saba, na mimi hilo lilinichukua muhula mzima kuliona. Nilimwonea wivu, sikufichi.

Ndipo nikamuuliza, mikorosho ipi yake na ipi yangu? Kesho yake nikanunua rangi nyekundu, nikaipaka miti niliyoiona inazaa vizuri. Somoe hakugombana. Alisema, "Haya kaka, nimeelewa," akaendelea kufyeka hata chini ya miti niliyoipaka. Mwezi uliofuata yeye na mumewe walivuka mto wa mpakani pale Kilambo, wakaenda kulima Msumbiji.

Mama mdogo alinijia akiwa amekasirika. "Miti umepata. Ukiugua, ndiyo itakayokupikia uji?"

Nilimwona mzee asiyejua mambo. Leo nimestaafu, korosho naokota peke yangu, ugali wa muhogo nasonga wa mtu mmoja, na upweke unaniuma. Mwaka jana nilivuka kumtafuta Somoe. Nilionyeshwa kaburi lake. Wanawe walinikaribisha kwa adabu, kisha wakaniuliza mimi ni nani.

Mwanangu, soma lugha za watu, lakini elimu isikutoe kwa nduguzo. Wafaransa wanalo notre, yaani yetu, nami nililifundisha miaka mingi bila kuliishi. Kama mmetengana kwa urithi, nenda wiki hii ukaombe radhi, usingoje ujione umezeeka. Mungu akulainishie moyo, akufungulie njia, na siku utakapobisha hodi, aitikie yule uliyemkosea.