Subiri Nitie Nanga

Kaka yangu ni kinyozi, na kama angekuwa kinyozi tu tungeishi kwa amani. Lakini watu walimwita Nahodha, jina likamwingia, na mtu akishaingiwa na jina ana kazi ya kulilinda. Chombo cha majini hajawahi kupanda. Maji mengi kuliko yote aliyoyazoea ni ya beseni ninalooshea wateja vichwa, maana mimi dada yake nafanya kazi upande wa pili wa duka hilo hilo: naosha, napaka rangi, nafagia nywele za watu. Unahodha wake ulitokana na gemu.

Gemu lenyewe ni la merikebu. Mchezaji anapewa chombo, mabaharia na bahari isiyo na mwisho, yenye visiwa vinavyohama, pweza mwenye macho kama taa za lori, na bibi mmoja mchawi anayeuza pepo ndani ya vibuyu. Watu wazima wenye familia zao walikuwa wakikaa kwenye benchi letu na kugombana kama yule pweza ni bora auawe au alishwe. Mchomeleaji wa jirani alishikilia kwamba mapigano ndiyo gemu, mengine yote ni mapambo. Mwingine alilalamika kwamba mpishi wa merikebu anarudia maneno yale yale kama kasuku. Kaka, mashine mkononi, ndiye aliyekuwa mkata shauri, na akishasema yeye, benchi lilihamia kwenye mambo mengine.

Gemu hilo lina ukurasa wake mtandaoni, ambako wachezaji huandika maoni na wasomaji huwapa dole gumba, juu au chini. Kaka alikuwa wa kwanza kuandika kwa Kiswahili. Aliandika hivi: “Bahari safi, mapigano moto, hadithi hafifu. Kasoro kubwa ni moja. Mshika usukani hupotea. Ukifika kisiwa cha chumvi humwoni tena, na chombo kinaanza kuyumba. Waliotengeneza warekebishe.” Madole yalimiminika. Wageni wakaja kunyolewa ili tu wabishane naye, naye alikuwa akitoa simu mfukoni, akijifanya anatazama saa, kisha anawasomea maoni yake mwenyewe. Nimeyasikia mpaka nayajua kwa moyo.

Nyumbani kwake televisheni na cherehani vinakaa chumba kimoja, vimepeana ubavu. Wifi yangu ni fundi wa nguo, na mkono wake hauna makelele: ukivaa gauni lake unasifiwa wewe, anasahauliwa yeye. Jioni kaka akirudi anawasha gemu hata viatu hajavua. Wifi akiinua macho kutoka kwenye mshono amwambie jambo, kaka anamjibu, “Subiri nitie nanga.” Sasa kutia nanga kwenye gemu lile ni shughuli yenyewe, na akishamaliza huwa amemsahau aliyekuwa akimsubiri.

Mwanzoni wifi alilifanya la kuchekesha. Aliniambia kaka yangu kaoa mke wa pili, tena mvivu, hata kufua hafui. Baadaye kicheko kikamkauka. Siku moja alikuwa ananipima mabega, futi ikiwa mkononi, akaniuliza hiyo bahari ina nini ambacho yeye hana. Hakuwa anatania. Ule ulikuwa wivu mtupu, na wa taabu, kwa sababu mtu ukiwa na mke mwenza unaweza walau kwenda kumtazama sura.

Na ulikuwa wakati mbaya wa kuachwa umesubiri. Mama mmoja mwenye karakana kubwa ya kushona sare, katika mji mwingine, alikuwa ameiona kazi ya wifi na kumtaka akawe msimamizi wa wakataji vitambaa. Jibu lilitakiwa kabla mwezi haujaisha. Wifi aliitaka kazi hiyo, lakini hakutaka kwenda peke yake. Alitaka mumewe atamke kama watakwenda wote, maana vichwa viko kila mji na kinyozi hakosi riziki. Alimwuliza jioni moja, akaambiwa asubiri nanga. Alimwuliza tena wakati wa kula, mwenzake akitafuna huku jicho liko kwenye skrini. Mwezi ukawa unakwenda zake.

Niseme pia kuhusu mzaha wa kaka, kwa sababu una kazi yake mbele. Siku anakabidhiwa mke, baba mkwe wake alimwambia mbele ya watu: “Mwanangu huyu anabisha. Siku upepo ukiwakataa, mwachie yeye.” Kaka aliugeuza wosia ule kuwa kichekesho cha duka. Kila bwana harusi aliyekuja kunyolewa alisimuliwa: mimi mwenzenu nilionywa na baba wa bidhaa mwenyewe kwamba bidhaa ni mbishi. Wifi akiwepo alikuwa akitabasamu na kuuma uzi.

Basi, asubuhi moja kaka alifungua ukurasa akakuta maoni mapya ya Kiswahili. Aliyeandika alijiita Mshazari. Kaka aliyasoma kwa sauti, akitarajia kucheka.

“Wengi wanasema hadithi ya gemu hili ni hafifu,” ndivyo yalivyoanza. “Ni hafifu kwa anayeruka maneno. Mshika usukani hapotei. Kuanzia bandari ya kwanza anamwuliza nahodha: tukifika, utashuka nami? Anauliza tena kwenye ukungu, anauliza tena baada ya dhoruba. Nahodha akibonyeza kuruka kila mara, dada wa watu anashuka kisiwa cha chumvi na kwenda zake. Hiyo siyo kasoro, hilo ni jibu. Gemu hili linampenda anayejua kubisha. Anayejua kufuata upepo tu hafiki.”

Mchomeleaji akasema polepole kwamba, kusema kweli, na yeye huwa anaruka maneno. Kaka akamwambia maneno ni ya watoto. Lakini nilimwona shingo imesimama.

Wivu wa mapenzi nimeuona, wa mali nimeuona. Wivu wa maoni sikuwa nimeuona, na sasa nasema ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu hauna hata mtu wa kumvizia kona. Madole ya Mshazari yaliongezeka, na kila lililoongezeka lilikuwa kama limeng'olewa mkononi mwa kaka. Alikuwa akimwacha mteja na povu shavuni ili achungulie simu. Mwalimu mmoja aliondoka na kidevu cha upande mmoja. Wageni waliokuwa wakija kumwuliza Nahodha anaonaje, sasa walikuja kumwuliza Nahodha anamwonaje Mshazari, na yeye ilibidi atabasamu kama mtu aliyekalia pini. Aliliomba benchi zima limpe Mshazari dole la chini. Mchomeleaji akakataa. Alikuwa amekwenda kujaribu nyumbani, akamjibu yule mshika usukani kwamba ndiyo, tutashuka wote, na dada wa watu hakuondoka. Tena alimwonyesha mkondo wa siri ambao pweza hajui. Siku ile mchomeleaji alinyolewa kwa wembe mkavu.

Nilimwuliza kaka kwa nini na yeye asijaribu tu. Akasema hawezi kufundishwa gemu na mtu asiye na sura. Kiburi hicho tulikirithi wote kwa baba, ila mimi nakificha.

Mwishowe alimjibu Mshazari hadharani, pale pale chini ya maoni yake, na sisi akatusomea: “Wewe ni mbishi tu. Gemu si mahali pa kubishana. Inaonekana nyumbani kwenu hakuna anayekusikiliza, ndiyo maana unaleta ubishi huku.” Benchi likacheka mpaka likalia. Hata mimi nilicheka. Muda si mrefu jibu likaingia, neno moja tu: “Kweli.”

Kaka akaweka simu mezani kwa kishindo, akasema amemzima. Mchana huo alikuwa akipiga mluzi.

Kilichomharibia mluzi ni ndevu za baba mkwe wake. Mzee yule zamani alikuwa fundi wa kushona matanga, na matanga yalipokosa wateja akageukia maturubai ya malori. Ana ndevu nzuri nyeupe ambazo hazitaki, na huja dukani kwetu mchana, saa ambayo benchi halina watu, kuzipaka rangi. Kazi hiyo ni yangu, maana kaka anasema hawezi kumshika mkwe wake kidevu.

Siku hiyo nilikuwa nimeshapaka upande mmoja. Kaka alikuwa anasafisha mashine yake, na kwa kuwa mwenye kidonda hakosi kukigusa, akaanza kumlalamikia mzee kuhusu watu wa siku hizi wasiokuwa na adabu mtandaoni. Akatoa simu, akamsomea maoni ya Mshazari. Mzee alisikiliza amefumba macho. Ilipofika “anayejua kubisha” akayafumbua.

“Rudia hapo.”

Kaka akarudia.

“Huyo kafundishwa na nani?”

“Hakufundishwa, baba. Ni mbishi tu wa kuzaliwa.”

Mzee alimtazama kwenye kioo, nusu ya ndevu nyeusi, nusu nyeupe. Alikuwa kichekesho, lakini hapakuwa na aliyecheka.

“Kubisha, mwanangu, ni kupeleka chombo mbele wakati upepo unakupinga,” alisema. “Huwezi kuukabili usoni, utapasuka tanga. Unakata mshazari huku, unageuza, unakata mshazari kule. Mwenye haraka akikutazama anadhani umepotea njia. Lakini unafika. Ndilo neno nililokwambia siku ile ulipokuja kumchukua binti yangu. Wewe ulidhani nakwambia nini?”

Kaka aliiwasha mashine bila kukusudia. Ikawa inanguruma mkononi mwake bila kunyoa kitu. Aliitazama simu, akalitazama lile jina, Mshazari, na mimi nikalitazama naye. Mafundi wa nguo hukata kitambaa mshazari wanapotaka gauni limfuate mtu bila kumbana. Nililisikia neno hilo kwa wifi kila aliponipima. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zote za kaka zilishonwa nyumbani.

Kidole chake kikateremka kwenye skrini mpaka kwenye jibu alilomwandikia yule mtu. Niliona midomo yake ikisoma: nyumbani kwenu hakuna anayekusikiliza. Chini yake, lile neno moja. Uso wake ulibadilika. Ule wivu wote aliokuwa ameubeba ulikosa mahali pa kukaa, na kilichobaki kilikuwa hofu.

“Dada,” akaniambia, “mwezi huu unaisha lini?”

“Leo.”

Aliweka mashine chini bila kuizima, akatoka. Mzee aliniuliza huyu naye ana nini. Nikamwambia anakwenda kutafuta mshika usukani. Hakunielewa, akaniambia nimalize upande wa pili upesi kabla hajapita mtu anayemfahamu.

Yaliyofuata nimesimuliwa na wifi. Aliniambia pia jinsi alivyoanza. Kila asubuhi kaka akishatoka, alikuwa akizima cherehani na kuwasha gemu, apate kumjua huyo mke mwenzake na kumtafutia kasoro. “Nilimwendea kwa wivu, wifi,” alisema, “nikakuta mle ndani kuna mwanamke anauliza swali langu.” Maoni aliyaandika siku alipolielewa swali hilo, kwa hasira. Jibu la mumewe alilisoma akiwa na pini mdomoni, na mwenzake hakujua kwamba anayemtukana ndiye anayemfulia shati.

Mchana ule alikuwa ameshamwandikia yule mama wa karakana kwamba anakuja. Hakuandika wanakuja wangapi. Begi moja lilikuwa limefungwa, la pili liko wazi kitandani, na yeye amekaa kwenye cherehani akimalizia suruali ya mteja, kwa sababu haondoki na kazi ya mtu mkononi. Akasikia hatua za kaka uani, zinakimbia. Kisha zikasimama.

Ufunguo kaka anao. Ulikuwa mfukoni mwake siku zote, na mlango ule huwa anausukuma kwa goti. Lakini siku hiyo hakuutoa. Alibisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

“Nani?” wifi akauliza.

“Mimi.”

“Wewe nani?”

Kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lile, hakulitaja.

“Mumeo. Nimekuja kujibu lile swali.”

Wifi alilitazama lile begi lililokuwa wazi. Halafu akainamia suruali ya mteja, na mguu wake ukarudi kwenye cherehani.

“Subiri,” akamwambia, “nitie nanga.”

Kaka akasubiri pale mlangoni, aproni ya kinyozi kiunoni, majirani wakipita na kumsalimu.